Mashine ya Baridi

Josia alikataa chai. Kikombe kilikaa mbele yake mpaka maziwa yakafunga utando, naye hakukigusa wala hakukisogeza.

Inspekta Lukresia Nkinda wa ofisi ya upelelezi Bariadi alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kumsikiliza. Mahabusu aliyekuwa mbele yake alifanya kazi katika hospitali ya Daktari Bundala, kule Somanda: kuosha vifaa vya upasuaji, kuvifunga na kuvitia kwenye mashine ya kuvitakasa. Alikamatwa kwa tuhuma za kumuua Esteria Mayige, mwalimu wa shule ya Kiloleli, aliyeingia hospitalini hapo kutolewa mawe ya nyongo na kutoka akiwa maiti, tumbo limejaa usaha.

"Ulimchumbia marehemu," Lukresia alisema.

"Ndiyo, afande."

"Ng'ombe mlipeleka."

"Tulipeleka. Wakarudishwa."

"Kwa nini?"

"Alipata nafasi ya kwenda chuo. Akasema anataka kusoma kwanza, hajui atamaliza lini, nisimsubiri. Hakunidharau. Alinieleza mwenyewe, tumekaa vizuri kwao."

"Kaka yake anasema uliapa hataolewa na mtu mwingine akiwa hai."

"Magese ana uchungu. Mimi sikuapa."

"Siku aliyokufa ulitoroka kazini."

"Nilikwenda kwa mama, Kiloleli. Magese alinipigia simu akasema nitazikwa kabla ya dada yake. Ungekuwa wewe ungebaki?"

Lukresia alimtazama mikono. Ilikuwa mikono iliyochubuka ngozi kwa maji na sabuni, kucha zimekatwa fupi kabisa.

"Vifaa vilivyotumika kwa Esteria, nani alivifunga?"

"Mimi."

"Ulijua ni vya kwake?"

"Niliona jina kwenye ubao wa upasuaji." Kijana aliendelea polepole, kama mtu anayesimulia jambo zuri alilolifanya. "Nilivishughulikia kuliko vyote nilivyowahi kushika, afande. Nikaosha, nikasuuza, nikapuliza hewa kwenye ile mirija ya kamera mpaka ikakauka, nikarudia. Huwa tunafunga kitambaa kimoja. Vya kwake nilifunga viwili, kimoja juu ya kingine, ili hata vumbi lisipite."

"Unamfahamu Bibi Kabula wa kule Somanda?"

"Yule wa uvimbe wa tumboni? Namfahamu. Alifanyiwa kabla ya Esteria."

"Na yule mzee wa Lamadi?"

"Naye pia. Vidonda vyao vilikataa kupona."

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Lukresia tangu majibu ya maabara yaje kutoka Mwanza. Kidudu kilichomuua Esteria kilikutwa pia kwenye kidonda cha bibi huyo na cha mzee wa Lamadi. Wote walifanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni, kwa kamera ileile inayoingizwa ndani. Mtu aliyekusudia kumuua mchumba aliyemkataa angeanzaje na bibi asiye na ugomvi naye?

"Mashine yenu ilikuwa na matatizo?"

"Ilianza kukataa mzigo baada ya mvua za masika. Ikifika katikati inawasha taa nyekundu, inakata. Fundi alikuja akabadilisha chujio. Wakati huohuo umeme ulikuwa unakatika sana, karatasi za kufungia zilikuwa zimeisha tukahamia vitambaa, halafu mwenzangu akaacha kazi, ilikuwa vurugu tu. Mwishowe Sista Felisita, msimamizi wetu, akasema tupunguze mzigo. Tukiweka bunda moja moja, inamaliza bila kelele."

"Uliwahi kuchezea mashine hiyo? Kuifungua, kugusa dawa yake?"

"Sijawahi."

Lukresia aliinuka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango Josia alipomwita.

"Afande. Walimzika upande gani?"

"Nyuma ya nyumba ya baba yake."

"Karibu na shamba la pamba?"

"Karibu na hapo."

Josia aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akainamisha uso kwenye meza.

*

Ofisi ya upelelezi ilikuwa imemwomba mtaalamu wa vifaa tiba kutoka Mwanza. Jina lake Maduhu, mhandisi mrefu, mkimya, aliyebeba begi la vyombo vyake mwenyewe na hakukubali mtu amsaidie. Lukresia alimkuta tayari yuko chumba cha utakasaji, amelala chali sakafuni, kichwa kiko nyuma ya mashine.

Daktari Marcelo Bundala, mwenye hospitali, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amechoka; macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeshasema, na nasema tena," alimwambia Lukresia. "Mashine yangu inapimwa kila siku. Kila siku inafaulu. Kama kuna kilichoingizwa tumboni mwa yule binti, kimeingizwa na mkono wa mtu. Na huyo mtu mnaye."

"Inaitwaje hii mashine?"

"Ina jina refu la kiwandani. Hapa wanaiita mashine ya baridi."

Aliyeeleza zaidi ni Sista Felisita, muuguzi aliyesimamia chumba hicho. Alikuwa mama mnene, mwenye kofia nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na alieleza huku akikwepa macho ya Lukresia. Makasi na koleo, alisema, huenda kwenye mashine ya mvuke, inayoua vidudu kwa joto kali. Lakini kamera na mirija yake ina plastiki na vioo na gundi. Ukiitia kwenye mvuke inaharibika. Hiyo hutakaswa kwa mashine ya baridi. Hewa hunyonywa, ndani panabaki patupu, kisha dawa ya peroksaidi inapulizwa ikiwa mvuke mwembamba, nayo inaua kila kidudu kwa joto ambalo hata mkono unaweza kulivumilia.

"Na mnajuaje kwamba imeua?"

"Tunaweka kichupa." Sista alifungua droo, akatoa kichupa cha plastiki kisichozidi kidole. Ndani yake mlikuwa na maji ya zambarau yaliyofungiwa kwenye kioo chembamba. "Humu wamewekwa vidudu hai, wale wagumu kuliko wote. Wana ganda. Kinaingia kwenye mashine pamoja na mzigo. Kikitoka tunavunja kile kioo cha ndani, maji yanawafikia wale vidudu, halafu tunakiweka kwenye kijisanduku cha joto. Kesho yake tunatazama. Kikibaki zambarau, wamekufa. Kikigeuka njano, wako hai, mzigo wote haufai."

"Kimewahi kugeuka njano?"

"Hapana, mama. Hata mara moja."

Maduhu alijitoa nyuma ya mashine, akajipangusa vumbi.

"Mashine ni nzima," alisema. "Pampu inanyonya sawasawa, chujio ni jipya, dawa haijapitwa na wakati. Hakuna mtu aliyeichezea."

"Umeme kukatika?"

"Ukikatika, mashine inafuta mzunguko wote na kukataa kufunguka mpaka uanze upya. Haiwezi kukudanganya kwamba imemaliza."

Njia mbili, mtu kuichezea mashine na umeme kukatika, zilikuwa zimejifunga kwa wakati mmoja. Daktari Bundala alishusha pumzi. Lukresia alizunguka chumba taratibu, akatazama sinki, meza, rafu, kisha akamrudia Felisita.

"Nifanyie kama siku ya Esteria."

"Sijaelewa."

"Nataka kuona kila kitu kilivyofanyika. Funga kamera kama Josia alivyoifunga. Ingiza. Weka kichupa. Usiruke hatua."

Felisita aliosha mikono. Aliweka kamera na mirija yake kwenye sinia, akachukua kitambaa kizito cha rangi ya maziwa, akakikunja juu ya sinia upande huu na huu, akabana kwa utepe. Lukresia alimkumbusha kuhusu cha pili, naye akaongeza cha pili. Juu ya bunda alibandika kipande cha utepe wa rangi, ule unaobadilika dawa ikiufikia. Akaliingiza bunda kwenye rafu ya chini ya mashine. Kichupa akakitia kwenye mfuko wake mdogo na kukilaza rafu ya juu, peke yake. Akaushika mlango.

"Subiri," Lukresia alisema.

Wote wakamtazama.

"Kichupa kiko wapi?"

"Hapo juu."

"Na kamera?"

"Chini. Ndani ya bunda."

"Ndani ya vitambaa viwili."

"Ndiyo, lakini dawa inapita kwenye kitambaa, mama. Ni kama hewa."

"Nani amepima kwamba inapita?"

Felisita aligeuka kukitazama kile kichupa cha juu.

"Sista, mimi nikitaka kujua kilichotokea chumbani kwa mtu, simhoji aliyekuwa amelala barazani. Kila siku mmekuwa mkimhoji wa barazani. Anawaambia barazani ni salama, na anasema kweli."

Maduhu alikuwa ameshika pembe ya kitambaa. Alikisugua kati ya vidole viwili, kisha akavuta uzi mmoja na kuutazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ni nini?"

"Kitambaa cha marekani," Felisita alisema. "Kile kizito kinachouzwa madukani."

"Pamba tupu?"

"Pamba tupu. Karatasi zile maalumu ziliisha. Tuliagiza, hazikuja."

"Pamba inakunywa hii dawa," Maduhu alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Inainywa kama inavyokunywa maji. Ndiyo maana mashine ilikuwa inawasha taa nyekundu. Ilikuwa inasema dawa imepotea, haijui imekwenda wapi. Mlipopunguza mzigo, iliyobaki ikatosha kuizima taa. Lakini sidhani kama ilitosha kufika ndani ya mirija."

"Unadhani," alisema Daktari Bundala.

"Ndiyo, nadhani."

"Basi tusidhani," Lukresia alisema. "Tupime."

Walichukua vichupa vitatu. Cha kwanza hakikuingia kwenye mashine kabisa. Hicho kilikuwa cha kuonyesha kwamba vidudu vya kundi lile vilikuwa hai tangu mwanzo. Cha pili kilifungwa pamoja na mrija mmoja kwenye shuka la plastiki jepesi kama karatasi, ambalo Maduhu alikuwa nalo kwenye begi, ndilo linaloruhusiwa kwa mashine hiyo. Cha tatu kilifungwa pamoja na mrija unaofanana na ule, ndani ya marekani mbili. Kila bunda liliingia kwa mzunguko wake. Mashine ilinguruma, ikatulia, ikawasha taa ya kijani mara zote mbili. Utepe uliobandikwa nje ya bunda la marekani ulikuwa umebadilika rangi vizuri kabisa.

Vichupa vilipoingia kwenye kijisanduku cha joto, Lukresia alikifunga kwa lakiri ya polisi na kuondoka na ufunguo wa chumba.

*

Kesho yake asubuhi alikata lakiri mbele yao wote.

Kichupa cha kwanza kilikuwa njano, kama kilivyotakiwa. Cha pili, kilichotoka kwenye shuka la plastiki, kilikuwa zambarau safi. Maduhu alitoa cha tatu kwa koleo, akakisimamisha kati ya hivyo viwili juu ya meza nyeupe.

Kilikuwa njano.

Nje, mwendesha bodaboda alikuwa akibishana na mlinzi wa geti, sauti zao zikaingia dirishani na kutoka. Sista Felisita alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimwagiza mimi," alisema. "Josia aliniuliza, Sista, hivi vitambaa si vya mashine ya mvuke? Nikamwambia funga, wagonjwa wanasubiri. Nilimwagiza mimi."

"Mimi hayo sikuyajua," Daktari Bundala alisema haraka. "Mambo ya chumba hiki yako chini ya sista."

Lukresia alimgeukia.

"Daktari, siku ya Esteria, bunda la kamera lilifunguliwa wapi?"

"Chumba cha upasuaji. Mbele yangu, kama kawaida."

"Na kamera ikatolewa kwenye nini?"

Daktari aligeukia dirishani.

"Ulisimama hapo ukiwa umevaa glavu, unasubiri. Wakafungua kitambaa cha kwanza. Wakafungua cha pili. Ilikuwa karatasi?"

"Haikuwa karatasi."

"Ulijua kwamba pamba haitakiwi?"

Alijibu akikitazama kile kichupa cha katikati. "Maelekezo ya mashine niliyasoma mimi wakati inafungwa. Niliyajua. Nilidhani kwa siku chache... Kichupa kilikuwa kinafaulu. Nikajiambia, kama kichupa kinafaulu, basi."

"Utakuja kituoni leo kuandikisha maelezo. Na Sista. Kamera, vitambaa na mashine vinabaki chini ya lakiri. Wote waliofanyiwa upasuaji kwa kamera hiyo tangu karatasi ziishe watafutwe, waitwe, watazamwe. Hilo lianze sasa hivi, lisinisubiri mimi."

Alimpigia simu mkuu wake wa upelelezi, akaeleza, akajibiwa kwamba Josia aachiwe. Alikuwa akirudisha simu mfukoni alipokumbuka swali moja la kawaida, la kukamilisha tu.

"Hivi vitambaa mlivipata wapi?"

"Tulipewa," Felisita alisema. "Kwa ajili ya mashine ya mvuke, na kule vinafaa kabisa. Ni mama mmoja fundi cherehani. Binti yake mkubwa alijifungua hapa kwa upasuaji, mtoto alikuwa amekwama, wakatoka salama wote wawili. Msimu wa pamba ulipoisha akaja na furushi kichwani. Alishona mwenyewe, akatia na uzi wa bluu pembeni ili visichanganyike na vingine. Tulimwimbia siku ile."

"Mama gani?"

Felisita alianza kulia kabla ya kulitaja jina, na Lukresia akajua kabla hajalisikia.

"Mama Kija. Wa Mwamanyili. Mama yake Esteria."

*

Simu kutoka kituo cha Lamadi ilimkuta akiwa bado uani mwa hospitali. Vijana walikuwa wamekusanyika msibani kwa Mayige. Walikuwa na pikipiki na dumu la petroli, na walisema wakimaliza kula wanakwenda Kiloleli kuchoma nyumba ya mama yake Josia. Askari wawili walikuwa njiani, lakini vijana walikuwa wengi.

Lukresia aliendesha mwenyewe. Mashamba ya pamba yalipita upande huu na huu, mashina makavu yakisubiri kung'olewa. Alipita Lamadi bila kusimama, harufu ya dagaa waliokuwa wakianikwa ikaingia kwenye gari na kubaki humo mpaka Mwamanyili.

Uani kwa Mayige palikuwa na watu wengi. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Wanawake walikuwa ndani. Askari wawili wa Lamadi walisimama kando ya pikipiki, na mbele yao alisimama Magese, kaka wa marehemu, kijana mpana wa kifua, macho yamevimba. Dumu lilikuwa miguuni pake.

"Umekuja kutuambia nini, afande?" aliuliza. "Kwamba upelelezi unaendelea?"

"Nimekuja kumwona mama kwanza."

"Mama hana nguvu."

"Nitakaa naye kidogo tu. Nikitoka nitakwambia wewe, na mbele ya hawa wote."

Magese alimpisha.

Mama Kija alikuwa amekaa kwenye mkeka, amejifunika kanga mpaka kichwani. Lukresia alivua viatu, akapiga goti, akamsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wana wane," mama alimjibu, akimwita mwanawe.

Wanawake waliokuwapo walielewa bila kuambiwa, wakatoka mmoja mmoja. Lukresia alikaa chini. Njiani alikuwa amepanga maneno, na alikuwa ameamua ya kusema na ya kuacha.

"Josia hakumuua Esteria," alisema. "Tumepima jana na leo, mimi mwenyewe nikiwa nasimamia. Ni hospitali. Mashine ya kutakasa haikufanya kazi yake. Vifaa vilivyoingia tumboni kwake vilikuwa na vidudu, na hakuna aliyejua, kwa sababu walikuwa wanapima mahali pasipostahili. Kuna wengine wawili waliougua vilevile."

Mama Kija alisikiliza. "Mashine iliharibika?"

"Haikuharibika. Ilitumiwa vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Walifunga vifaa kwa kitu kisichotakiwa. Dawa haikupenya."

"Kitu gani?"

"Kitambaa."

Kuku alichungulia mlangoni, akaondoka.

"Kitambaa cha marekani?" Mama Kija aliuliza.

Lukresia alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe na watu walioua, na alijua jinsi uongo mdogo unavyoweza kusemwa kwa uso mkavu. Alijaribu kuutafuta. Alichelewa, na kule kuchelewa kukawa jibu.

"Chenye uzi wa bluu," mama alisema.

"Mayu, nisikilize. Vile vitambaa havina kosa. Ulivishona kwa ajili ya mashine nyingine, na kwa mashine ile ni vizuri, vimewasaidia watu wengi. Waliovichukua na kuviweka mahali pasipostahili wapo, nawajua, na watajibu."

"Nilivifua," Mama Kija alisema. Alikuwa akiitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Nikavianika juu ya kamba, si juu ya majani, visiingie uchafu. Nikavipiga pasi. Esteria alikuwa likizo, ndiye aliyenikatia. Mimi nashona, yeye anakata. Akaniambia, mama, siku moja mimi nitalazwa pale na nitafungiwa vitambaa vyako. Tukacheka."

Lukresia alimshika mkono.

"Si lazima mtu ajue," alisema. "Nitatoka niwaambie hospitali imekosea. Inatosha. Kuhusu vitambaa sitasema."

"Magese atakuamini?"

"Kuna askari. Nitaomba wengine."

"Leo watamzuia. Kesho?" Mama Kija alitikisa kichwa. "Atasema polisi mmehongwa na daktari. Atakwenda usiku. Yule mama wa Kiloleli analala peke yake." Alishika ukuta, akaanza kuinuka. "Nisaidie, ng'wana wane. Miguu imekufa."

"Mayu, usifanye hivyo. Utabeba maneno ya watu maisha yako yote."

"Nisaidie nisimame."

Lukresia alimwinua. Walitoka pamoja, yule mama ameegemea bega la mkaguzi, na wanaume waliokuwa chini ya turubai wakaacha kuzungumza. Mama Kija alitembea mpaka kwenye pikipiki, akasimama mbele ya mwanawe. Alizungumza Kisukuma, bila kupaza sauti, na watu wa nyuma wakasogea ili wamsikie.

Aliwaambia kwamba polisi wamepima na wameona. Kwamba dada yao aliuawa na vifaa visivyotakasika. Kwamba dawa ilitakiwa kuvifikia, ikanywewa na kitambaa kabla haijafika.

"Kile kitambaa nilishona mimi," alisema. "Kwa cherehani ile mliyonunua kwa pamba ya baba yenu. Alikikata Esteria, nikashona mimi, nikakipeleka mimi kichwani. Josia alipewa tu, akaambiwa fungia hiki, akafungia. Kama mnakwenda kuchoma nyumba, kuna nyumba hapa. Anzeni na hii."

Magese alimtazama mama yake. "Mama, usiseme hivyo," alisema. "Mama, usiseme hivyo." Kisha akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye vumbi, kando ya dumu, akajishika kichwa. Mmoja wa wazee alinyanyuka kimya kimya, akalichukua lile dumu na kulipeleka nyuma ya nyumba. Vijana walianza kuketi mmoja baada ya mwingine.

Mama Kija alimgeukia Lukresia. "Yule kijana yuko wapi?"

"Anaachiwa. Labda bado yuko kituoni, anasubiri vitu vyake."

"Alikuwa anampenda mtoto wangu. Ng'ombe walirudi, lakini yeye hakuacha. Sasa si mume, si ndugu, hana pa kulilia." Aliifuta pua kwa pindo la kanga. "Una namba ya hapo?"

Lukresia alipiga simu kituoni Bariadi. Akaomba Josia apewe simu. Ilichukua muda, kulikuwa na sauti za milango, za mtu akiitwa, kisha pumzi ya mtu anayeogopa.

"Afande?"

Lukresia alimpa mama simu, akamwonyesha pa kuongelea.

"Josia," Mama Kija alisema. "Ni mimi, mama yake Esteria. Nzugu. Njoo msibani. Hakuna atakayekugusa."

Upande wa pili ukasikika mlio wa kijana akilia kwa sauti, bila kujizuia, na simu ilikuwa na sauti kubwa, kila mtu aliyekuwa uani akausikia. Mama Kija hakuikata. Aliishikilia sikioni, amefumba macho, akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Ndiyo."